Humu Hatusemi Sijambo

Dada Zaina,

Arobaini yako tumeimaliza salama huko Kang'ata, kwa mama. Mvua bado haijanyesha na mahindi yamejikunja. Mimi nimerudi Korogwe, kwenye chumba chetu cha Kwamndolwa, na ile chupa ya maji ya moto niliyokuwa nakukandia bado ipo kitandani kwako. Sijui niiweke wapi. Habari za nyumbani ni hizo, sasa nikwambie lililonifanya niandike.

Nina wivu, dada. Wivu hasa, ule wa wake wenza.

Kila asubuhi nilikuuliza, "Umeamkaje?" Ukajibu, "Sijambo." Macho ya manjano, magoti hayakunjiki, wewe sijambo. Nilikukanda, nikakupikia uji, nikachelewa gengeni kwangu, na siku nzima sikuambulia zaidi ya neno hilo. Halafu ukijifunika shuka nakusikia unanong'ona na simu, unacheka. Lile kundi lenu la wagonjwa wa selimundu, watu wa Mbeya, wa Mwanza, hata sura zao hukuzijua. Mkajiita Damu Moja. Nilipokuuliza ni akina nani, ukasema, "Ndugu zangu wa damu." Ulikuwa utani, najua. Lakini mimi niliyenyonya ziwa moja na wewe nilikuwa nimesimama pale na ndoo yako ya kuogea. Kosa langu lilikuwa nini, kuzaliwa mzima?

Baada ya arobaini nikawasha simu yako. Nilitaka kuwaambia tu kwamba umetangulia, kisha nikutoe kundini, yaishe. Nikaanza na salamu kama tulivyolelewa: "Hamjambo wote?" Hapo ndipo nilipokosea, maana namba ilikuwa yako. Wakashangilia. "Shujaa karudi!" "Tulijua tu utatoka wodini." Upendo, yule wa Makuyuni, akatuma sauti anaimba. Ikabidi niandike: "Mimi ni mdogo wake. Zaina amefariki." Kisha Upendo akauliza, "Wewe ndiye Mama Maji?"

Kumbe ndilo jina langu huko. Kumbe mlikuwa mnanicheka ninavyokufuata na kikombe, dada kunywa maji, dada kunywa maji. Nikapandwa na hasira, nikazisikiliza sauti zako zote nione ulivyonisema. Nikasikia mengine. Kwamba mifupa ilikuuma kama inasagwa. Kwamba ulikuwa unaogopa kulala. Kwamba ulitamani mtoto. Upendo alikuwa anayajua haya yote, mimi nipo chumba kimoja na wewe, na sina habari. Na mahali fulani unasema polepole: "Mama Maji nikimwambia naumwa, haendi gengeni. Ndiyo maana namwambia sijambo."

Unadhani nilifarijika? Nani alikwambia nilikuwa nataka kwenda gengeni?

Jana Upendo akaniuliza nimeamkaje. Nikamjibu, sijambo. Akaandika, "Mama Maji, humu hatusemi sijambo."

Nikabonyeza kitufe cha sauti, nikasema. Nikawaambia kwamba bado nachota maji ya watu wawili. Nikawaambia kwamba siku ya kukuzika, tulipokuwa tunakuosha, niliyapima maji kwa kiwiko kabla hayajakugusa, kwa sababu baridi ilikuwa inakuamshia maumivu. Akina mama walinitazama, wakaniacha. Hilo hata mama sijamwambia. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Mmoja wa Mwanza alilia tu kwenye sauti, mpaka ikaisha.

Sasa nimekuelewa, na wivu haujaniisha. Yote mawili yapo.

Lala salama, dada yangu. Simu yako nitaichaji, na kundini sikutoi. Nikija Kang'ata nitakumwagia maji kaburini, tena mengi, na safari hii hutanigeuzia uso ukutani kama ulivyofanya nikikuletea kikombe. Mengine niliyowaambia wenzako sikwambii. Na wewe ona wivu kidogo.

Ukiniuliza nimeamkaje, sijambo.

Mdogo wako,
Mama Maji