Waliopigwa Picha Wakapakwa Rangi

Shanwe, Mpanda

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Najua ukiulizwa wewe utasema halijambo, kwa hiyo namuuliza kaka anayekusomea: goti la mama linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Kazi yangu unaijua, nazunguka mji kwa mji nikipiga picha za kalenda. Nyie huko mlinicheka, eti nani atatundika ukutani picha ya guta! Hapa nimepiga guta za viazi, malori ya mahindi, pikipiki zilizobeba matenga ya kuku, hata jiko la chipsi. Wiki iliyopita nilipiga vibanda vya barabarani Kashaulili, kimoja baada ya kingine. Siku chache baadaye vyote vikapakwa X nyekundu. Vitabomolewa, barabara inapanuliwa.

Nimeeleza mpaka nimechoka kwamba wapimaji walipita kabla sijafika mjini. Nani asikie? Fundi cherehani akiniona anafunika mashine yake kwa khanga. Bodaboda mmoja aligoma kunibeba. "Sista, nyie mnapiga, wenzenu wanapaka. Unadhani hatujui?"

Anayenitetea ni mama mwenye nyumba, Mama Kulwa, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Anauza chakula kibandani mbele ya nyumba. Aliwaambia wateja, "Huyu ni mwanangu. Asiyemtaka asile kwangu." Wengine wameacha kweli. Naona aibu, Mama, na ninaogopa.

Jana mchana alinijia jirani mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara. Alinisalimia vizuri, akauliza za nyumbani, kisha akanong'ona, "Dada, nikuombe kitu. Kile kibanda cha Mama Kulwa, kipige na chenyewe."

Nikamwambia picha haibomoi kitu.

"Kama haibomoi, unaogopa nini kupiga?"

Nikakataa tu. Akatoa simu yake, akanipiga picha mimi, nimesimama mlangoni pangu. Akaitazama ile picha. "Umetoka vizuri," akasema, akavuka barabara kurudi kwake.

Nikipata nafasi kwenye treni ya Tabora naondoka. Msalimie kaka, na shangazi wa vitumbua, na mjomba fundi redio. Waambie kamera nimeifungia begini.

Picha haina nguvu hiyo, Mama, mimi ndiye niliyewaambia wote. Lakini leo asubuhi, kabla sijanawa uso, nilitoka nje nikaukagua mlango kama umepakwa rangi.

Mwanao,
Rehema