Kikombe Kilichosuguliwa kwa Makaa

Nakuru, Jumapili

Mama Chebet,

Habari ya Londiani? Mimi mzima, ila jana nusura kazi iniponyoke. Bwana alinileta kupika hapa klabuni, Kenya ikicheza raga na Uganda. Wananyang'anyana kikombe kikubwa cha fedha. Mwaka jana Uganda walienda nacho kwao, jana Kenya wakakirudisha.

Bwana akaniletea kikombe hicho jikoni: "Koech, tayarisha hiki, tutakinywea pombe."

Basi nikakitayarisha vile wewe hutayarisha kibuyu cha maziwa. Nikachukua kaa la mti wa senetwet, nikasugua ndani mpaka kikawa cheusi tititi.

Wa Kenya wakakijaza pombe, wakakipitisha mkono kwa mkono, kila mtu akanywa. Kucheka hivi, meno yote meusi! Wa Uganda karibu waanguke kwa kicheko. Bwana akanifuata jikoni, mdomo kama sufuria ya kuni.

"Koech, umetia nini humu?"

"Makaa, Bwana. Ya kuleta utamu."

Akalamba midomo. "Sugua tena. Wa Uganda nao wanataka."

Ungewaona baadaye wakiimba pamoja! Huwezi kujua nani alishinda.

Busu watoto. Nimekumiss wewe na kibuyu chako.

Baba Chebet