Uzito Ulioipandisha Roketi

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam alaykum kutoka huku kijijini Shumba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na karafuu zimeanikwa uani hata pa kukanyaga hapana.

Umeniuliza kama ni kujisifu kuwaambia wenzako huko Dar kwamba wewe ndiye uliyetia udongo kwenye ncha ya ile roketi yenu ndogo ya kuunganisha kwa mikono, ikaacha kupinduka, ikapanda wima.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Hamadi alikuwa na tiara ya karatasi iliyokuwa ikizunguka na kuanguka kila akiirusha. Nikaifunga mkia wa kipande cha kanga kuukuu. Akasema, "We Mize, utaizidishia uzito." Ikatulia angani mpaka watu wakatoka majumbani kutazama. Wakamsifu Hamadi, naye akapokea. Mimi nikanyamaza, nikidhani ndiyo adabu. Tangu hapo sikugusa tiara tena.

Jana nimewaonesha majirani video yako kwenye simu ya mama yako. Bi Asha akauliza, "Kijana gani wa kiume aliyeitengeneza hii?"

Safari hii sikunyamaza.

Bibi yako,
Mize