Turubai la Mjomba na Kodi ya Miaka Miwili

Maame Dufie mpendwa,

Nakuandikia miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, nimetoka zamu sasa hivi, na nisipopata wa kunishauri wiki hii sijui nitashika lipi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Kumasi, mwaka wa tisa sasa, mshahara wangu sedi elfu mbili na mia tisa, ambao nikishalipa nauli, umeme na ada ya mwanangu Nhyira haufiki tarehe kumi na tano, na sokoni wakiniona na sare nyanya zinapanda bei, "Aa, madamu nesi, wewe si unalipwa na serikali?", hata siku hizi navua sare chooni kabla sijaingia sokoni, mtu mzima mimi.

Mwenye nyumba wangu, Bwana Boadi, anataka kodi ya miaka miwili mbele kama kawaida yao, sedi elfu tisa na mia sita, mwisho wa mwezi huu, na nimezipata kwa upatu wa wodini baada ya kungoja zamu yangu mwaka na zaidi, ziko ndani ya kopo la maziwa. Juzi mama akapiga simu kutoka kwetu Tepa kwamba kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki mjomba wangu Sarpong inafanywa Jumamosi ya wiki ijayo, na ukoo umekaa ukaamua turubai na viti ni vya nesi, yaani sedi elfu tatu.

Kosa ni langu, Maame. Siku ya mazishi yake nilitoa mia nane kwenye meza ya michango, nazo zilikuwa ada ya Nhyira, na mtangazaji wa michango akashika kipaza sauti akapayuka, "Matroni mkuu kutoka Kumasi! Mia nane!", na mimi si matroni wala si mkuu, lakini mama akainuka akacheza na kitambaa mkononi, na mimi nikapenda, nasema kweli, nikapenda, sikumsahihisha mtu. Na huyo mjomba ndiye aliyeuza shamba lake la kakao nisome uuguzi, sasa nimnyime kivuli? Mama mwenyewe haniombi chochote, kila mwezi anampa dereva wa basi aniletee gunia la ndizi, majimbi na mafuta ya mawese, "ya kuonja tu," anasema, mwezi uliopita akaweka hata chumvi na sabuni, nami namwambia, "Mama, mbona unajisumbua, huku kila kitu kipo," na ukweli ni kwamba hicho ndicho tunachokula.

Jana Boadi alimleta mpangaji mwingine, mwanamke akapima dirisha langu kwa ajili ya mapazia yake nami nimekaa kitandani nikimtazama. Nimechoka, Maame. Nitoe za turubai, au nimwache mama aaibike mbele ya ukoo mzima?

Afrakoma, Kumasi

---

Afrakoma,

Pole kwa miguu. Kwa hayo mengine subiri kwanza nikugombeze.

Mshahara mdogo si kosa lako, na aibu yake si yako pia. Kosa lako ni ule umatroni wa dakika moja, ulioununua kwa ada ya mtoto. Ukoo haukukuonea. Wao walisikia kipaza sauti wakakiamini, kwani nani mwingine aliyewaambia habari zako? Wewe unayezalisha wanawake kila siku unajua kuliko mimi kwamba mficha uchi hazai.

Turubai hukunjwa Jumapili asubuhi. Na mjomba wako hakuuza shamba ili watu wakae kivulini siku moja, aliuza ili usimame wodini. Utasimamaje huna pa kulala?

Basi fanya hivi. Kesho mlipe Boadi, upewe risiti, huyo mwenye mapazia akapime kwingine. Ijumaa panda gari uende Tepa, bila sare, na hati ya mshahara mkobani. Ukifika utapewa maji, kisha wataulizia habari ya safari. Hapo wengi tunajibu, "Huko ni heri tupu." Usijibu hivyo! Mgeni akieleza kilichomleta hakuna anayemkatiza, hata wajomba wenye midomo, kwa hiyo soma hati hiyo mstari kwa mstari mpaka mwisho. Watanuna, waache wanune. Waambie kila nyumba ije na benchi lake. Wewe toa hamsini, na mtangazaji akitaka kukupa cheo mwambie, "Sema nesi, inatosha."

Sasa mama yako. Unadhani umemdanganya? Ndizi na majimbi, sawa, kila mama hutuma. Lakini chumvi, Afrakoma? Na sabuni? Mtu hampelekei tajiri chumvi. Mama yako anajua, na amejua siku nyingi. Ukoo ulimtuma akupigie, akapiga, kwa sababu hawezi kuwakatalia kwa niaba yako kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hujalikiri. Anangoja useme, na wakati akingoja anakulisha.

Ukienda, mrudishie magunia yake matupu. Atayahitaji.

Maame Dufie