Maharagwe Ambayo Baba Hakuyala

Hoteli ya Stathis,
Nyuma ya soko,
Kericho.

3 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Jentrix,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo, na huyo uliyembeba hajambo? Miguu bado inavimba jioni? Natumaini daktari wa huko kwa Wagiriki ameridhika na presha yako, na kwamba Shangazi Evanthia amekuondoa kwenye majiko ya mgahawa wao akakupa kazi ya kuketi, ijapokuwa nakujua, kuketi hujui. Mama anauliza kama unakula samaki. Nimemwambia unakula, kwa hiyo ukipiga simu usiniumbue.

Huku mvua imeanza. Wiki iliyopita mawe yalipiga chai upande wa Londiani mpaka majani yakalala chini. Hoteli inaendelea. Watu wa kiwandani bado wanakuja Ijumaa kwa ile biringanya ya kuoka ya Baba, na bado wanaomba ugali pembeni. Baba alikuwa akinuna akiona hivyo, mimi nimeshazoea.

Sasa Jentrix, keti. Kama umesimama, keti. Mwanao Seth yuko hai. Soma tena: yuko hai, na hivi ninavyoandika yuko jikoni na Mama, Dani wake kama anavyomwita, anamenya viazi na kuacha nusu ya viazi kwenye maganda. Karatasi ya mwisho ya barua hii ameiandika mwenyewe kabla mimi sijaanza. Ameikunja na kunikataza kuisoma. Ukiona huwezi kunisoma mimi kwanza, fungua hiyo, uone mwandiko wake, kisha urudi hapa.

Jumatano ile uliponipigia, ukaniuliza yuko wapi, nikakuambia amelala. Alikuwa amelala kweli, lakini hospitalini, na damu ya shemeji yako Oyugi ilikuwa ikimwingia mkononi tone kwa tone. Nilikudanganya. Nilijua nikifungua kinywa nitalia, nawe utasikia kilio kabla ya habari, na kwa hali uliyo nayo niliogopa nitawapoteza watatu kwa simu moja. Ndiyo maana nimengoja Eugene, yule kijana wa Nganga wa Londiani, anayekuja huko kusoma. Nimemwambia asikupe barua hii mpaka akuone umeketi.

Acha nikueleze tangu mwanzo. Unakumbuka kukia, yale maharagwe mapana ya kijani ambayo Baba alikuwa akiyapika wakati wa Kwaresima, na bizari na limau? Tangu azikwe hatujawahi kuyapika. Mwaka jana nilipokuwa nikisafisha stoo nilikuta mbegu zake kwenye mkebe wa majani ya chai, zimefungwa kwa kitambaa. Nikampa Nganga. Akazipanda kando ya kijito na kuzinyweshea kiangazi chote. Mwezi uliopita akaniletea gunia zima, na nilipofungua harufu ikanirudishia Baba wote, na sigara zake.

Nikasema mwaka huu tutafanya kama alivyofanya yeye. Yote. Unakumbuka alivyokuwa akisimama kwenye kila meza kabla ya kupakua, amefuta mikono kwenye aproni, anauliza kwa Kiswahili chake: "Kwenu kuna mtu hizi kukia zinamkataa?" Wateja walikuwa wakicheka. Sisi tulikuwa tukicheka. Mimi nilidhani ni madoido tu ya Kigiriki, kama kuvunja sahani kwenye harusi. Basi nikamfundisha Bilhah, msichana wetu wa kupakua, aulize vilevile. Akauliza meza zote. Mzee mmoja wa Mogogosiek akamjibu, "Mimi hakuna chakula inanikataa," watu wakapasuka kwa kicheko. Ilikuwa siku nzuri sana, Jentrix. Nakuambia ukweli, nilikuwa na furaha.

Kisha tukaketi sisi wenyewe kwenye ile meza ya pembeni. Na kwa kuwa Seth ndiye mwenye jina la Baba, nilimweka kwenye kiti cha Baba na kumpa bakuli la kwanza. Unajua ilivyo. Kwa akina Baba mjukuu hubeba jina la babu, na kwetu upande wa Mama vilevile, kwa hiyo huyu mtoto ameitwa Stathis na pande zote mbili. Nikamwambia kula, babu anakuangalia. Akala. Akaomba tena. Nikamwongezea, na mengine mabichi nikamwachia mkononi, atoe kwenye ganda mwenyewe kama alivyoona kwenye picha ulizotuma.

Wageni tuliwauliza wote. Meza yetu hatukuiuliza.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi aliniita chooni. Mkojo wake ulikuwa rangi ya strungi, nakuapia, chai isiyo na maziwa iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Nikamgeuza kwenye mwanga nikaona macho yana manjano. Midomo haikuwa na rangi. Nikamwambia vaa viatu, akainama kufunga kamba na hakuweza kuinuka. Oyugi akambeba.

Niliogopa malaria, maana wiki mbili nyuma tulikuwa Fort Ternan na kule chini kuna mbu. Nilikuwa hata nimeshatafuta vidonge vilivyobaki vya mwaka juzi kwenye kabati. Kama si Oyugi kunivuta mkono kwamba twende, ningempa. Nalifikiria jambo hilo mpaka leo. Nikiwa nachambua mchele nalifikiria, inabidi niache.

Hospitalini walipima malaria, hakuna. Walipima damu, wakaanza kutembea haraka. Unajua wauguzi wakianza kutembea haraka na kusema polepole, moyo wako unafanya nini. Daktari ni kijana wa Kisii, anaitwa Onyancha, mpole. Aliniuliza ulizo moja tu: "Tangu Ijumaa amekula nini?" Nikaanza kumhesabia kama karani. Nilipotaja kukia akaniuliza ni nini. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Babu yake Mgiriki alikuwa akila hayo?"

Nikamwambia hapana, Baba hakuyala, alikuwa na nadhiri. Si ndivyo tulivyokua tukijua? Aliyapika, akampa Mama aonje chumvi, akatuwekea, kisha akatoka nje kuvuta sigara mpaka tumalize. Nadhiri yake kwa ajili ya mdogo wake Lefteris aliyekufa utotoni. Nilisema hivyo kwa majivuno kidogo, kama mtu anayesifu dini ya baba yake.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu. Hata sikugeuka. Nikasikia tu sauti yake.

"Hakukuwa na nadhiri, Jerusa. Stathis alikuwa anaziogopa."

Jentrix, sijui kama nitaweza kukuandikia uso wa Mama ulivyokuwa. Baba alimwambia mara moja tu, mwaka waliooana. Yeye na Lefteris wakiwa wadogo waliingia shambani kwa jirani wakala kukia mbichi mpaka wakashiba. Wote wawili wakageuka manjano. Yeye akaamka, mdogo wake hakuamka. Kijijini kwao ugonjwa huo ulijulikana, ndiyo maana wapishi wa huko waliuliza kabla ya kupakua. Baba alipofungua hoteli aliona haya watu wasikie kwamba mpishi anaogopa chakula chake, basi akatunga nadhiri. Lakini kuuliza hakuacha. Mama alipomuuliza kwa nini basi anazipika, alimjibu kwamba chakula hakina kosa, kosa ni kutouliza.

Nilimgeukia Mama nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mzazi. Nilimuuliza alinyamazaje miaka yote hii, na siku ile alikuwa mezani pamoja nasi. Akaniambia, "Nilifikiria ni yake peke yake. Alipokufa nikafikiria imekufa na yeye." Akaanza kulia bila sauti, na mimi hasira ikaniishia, nikabaki na woga mtupu.

Daktari alitueleza taratibu. Kuna kitu kinapungua kwenye damu, mtu huzaliwa hivyo, na akila hayo maharagwe damu yake huvunjika ikiwa bado ndani ya mishipa. Hupita kwa mama, na mara nyingi humshika mtoto wa kiume. Mwanamume mwenye kasoro hiyo akizaa binti, binti hubeba bila kujua. Maana yake mimi na wewe tumebeba wote wawili, hakuna aliyeponyoka. Mimi nilijaliwa wasichana, ndiyo maana sijawahi kuona kitu. Wewe ulizaa Seth.

Na sasa umeniambia huyo anayekuja ni mvulana.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, mdogo wangu. Kama ingekuwa ni Seth pekee, huenda woga ungenifunga mdomo mpaka ukirudi, nasema wazi. Daktari anasema huyu anaweza kuwa nayo na anaweza asiwe nayo, hakuna wa kujua mpaka apimwe, na huko kwenu watoto wachanga hupimwa jambo hilo, ila wewe mwenyewe usinyamaze, waambie. Na wewe usiyale hayo maharagwe, si sasa, si ukinyonyesha. Najua huu ndio msimu wake huko na mgahawa wa Shangazi umejaa. Mwonyeshe barua hii. Muulize kama aliambiwa kaka yake Lefteris alikufa kwa nini. Yeye alizaliwa nyuma, labda naye alipewa nadhiri kama sisi.

Kuna jingine. Unajua nilikuwa nimemfungia mtoto nguo zile za Seth za uchanga, fulana na kofia alizofuma Mama, Eugene akuletee. Zilikuwa tayari kwenye begi. Daktari alituandikia orodha ya vitu vya kuepuka, dawa fulani fulani, hata za malaria, na mwisho wa orodha nikaona vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Jentrix, begi lote lilikuwa limejaa vidonge hivyo. Tangu mwaka juzi. Nilikuwa nimevipanga katikati ya kila nguo kwa mikono yangu, kwa upendo. Nilikimbia kutoka hospitalini mpaka nyumbani, kana kwamba mtoto tayari alikuwa amevalishwa. Nimezitoa, nimezifua, zimepigwa jua, lakini sikutumii hata moja. Sina imani nazo. Sina imani na mikono yangu. Nunua mpya.

Seth alilala hospitalini siku sita. Tumerudi Jumapili. Daktari anasema hatari imepita, lakini nimtazame. Kila asubuhi anakojoa kwenye beseni jeupe na mimi nasimama mlangoni mpaka nione ni maji. Leo ilikuwa maji. Jana pia. Anakula vizuri, amefunga kamba za viatu mwenyewe. Gunia lililobaki Oyugi amelifukia, na Nganga ameng'oa shina kwa shina. Mkebe wa mbegu sijautupa. Umekaa juu ya kabati na siwezi kuugusa.

Hoteli ninaifungua kwa sababu watu lazima wale, lakini naogopa kila sahani inayotoka. Jana nilimfuata mteja mpaka barabarani kumuuliza kama jibini haikumdhuru. Alinitazama kama mwenda wazimu. Sasa kila mlo, hata uji, nazunguka meza yetu wenyewe nikiuliza kama Baba alivyouliza. Hakuna anayecheka. Seth huinua mkono juu, kama yuko darasani, anasema, "Mimi." Hata kama ni ugali.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kumchukua papo hapo karatasi zake za kusafiria zikikamilika, nitamfungia begi mimi mwenyewe na sitasema neno. Ulinipa mtoto mzima, nami nilimlisha kwa mkono wangu kile ambacho baba yetu alikiogopa maisha yake yote. Hilo nalijua. Nakuomba tu umpime huyo mdogo, na unipigie, hata kama ni kunigombeza. Nitapokea.

Mama anakusalimu sana, anasema umpigie mara tu ukisoma. Oyugi anakusalimu. Bilhah anakusalimu, bado analia akikumbuka. Msalimie Shangazi Evanthia na wote wa nyumba hiyo. Mungu aliyemwinua Seth akulinde wewe na uliyembeba, mkono wake uwe juu ya sahani yako kila unapoketi kula.

Ni mimi dada yako anayekupenda, na anayekuogopa kidogo,

Jerusa

(karatasi ya mwisho)

Mum,

Niko sawa. Mkojo yangu imerudi kama ya watu. Niliwekewa damu ya Anko Oyugi na sasa Dani anasema nitaanza kukoroma. Anti Jerusa ananiuliza kila kitu mpaka chakula inapoa. Mtoto akizaliwa usimpatie kukia, mwambie mimi nilimwonjea. Na Mum, mpigie Anti. Anafikiria utamchukia. Mimi nimemwambia huwezi lakini haniamini.

Seth Stathis