Filamu za Lazima, Banda la Abdillah

Jumatatu, 9 Juni

Kakubali! Abdillah kakubali! Jumapili mbili, saa tisa alasiri, banda lake la video pale Kashaulili ni langu. Nimerudi nyumbani Kawajense nacheka peke yangu mpaka bodaboda kaniuliza kama nimeposwa.

Kila Jumamosi naihubiri sinema ya dunia redioni, dakika chache tu baada ya matangazo ya vifo, na wasikilizaji wananipigia: dada Eme, hizo picha tunaziona wapi? Sasa wataziona! Siyo kila siku mateke na magari kulipuka.

Ila Abdillah ni mfanyabiashara. Kasema: "Sikiliza, dada'angu. Watu wakikutoka katikati ya picha Jumapili zote mbili, basi. Muda huo naweka mpira, na usije kunililia." Nikasema sawa. Nimejibu haraka mno, najijua.

Jumatano, 11 Juni

Kuchagua ndiyo shughuli. Flashi za filamu zimejaa kitanda kizima. Za lazima mpaka sasa —

Ya Bolivia: bendi ya matarumbeta inavuka milima kwenda kumzika mpiga ngoma wao, na njia nzima wanagombana nani arithi ngoma. Nimelia, nimecheka, nimeunguza maharage. Lazima!

Ya Georgia: bibi anatunza daraja ambalo halipitiwi tena na mtu. Nzuri ajabu, lakini inakwenda kama foleni ya hospitali. Lazima — ila siyo kwa Abdillah. Wataning'oa nywele.

Ya Vietnam: ndugu wawili hawaongei, mashamba ya mpunga ya ngazi ngazi, mfereji mmoja wa maji, na mkubwa ndiye kaushika. Hamna bunduki. Hamna hata kofi! Hii ndiyo roho yangu. Mtu akifa hajaiona, kapunjwa.

Mama kachungulia mlangoni: na kazi hiyo mtu anaolewa nayo? Nikamwambia mama, kaa. Kakaa. Kaiangalia bendi mpaka mwisho, ugali ukapoa. Halafu kasema yule mnene hajui kupuliza, mashavu tu. Mama yangu ni mhakiki kunishinda mimi!

Jumapili, 15 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Nilianza na bendi. Tatizo — Maximilian, mtafsiri wa banda. Wenyewe wanamwita DJ Maksi. Anakaa pembeni na maiki, anawasemea watu wa kwenye picha kwa Kiswahili. Fundi, simkatalii. Lakini hawezi kunyamaza! Pale mjane anaiangalia ngoma, kimya, uso mzima msiba, Maksi kadaka maiki: "Anasema, hii ngoma ina jini!" Banda zima likaangua kicheko. Wa tarumbeta kamfanya steringi, shujaa wa picha, mwenzake jambazi. Basi watu wakakaa kumsubiri jambazi aanze ujambazi. Hakuanza. Wakaanza kutoka, wawili wawili, wakaacha mabenchi.

Nyanda, fundi pikipiki, yule asiyekosa benchi la mbele, kaniambia mlangoni kwa upole kabisa: dada, steringi wako hajampiga mtu hata mmoja.

Nimenunua karanga nikazila zote.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwendea Maksi kwake kumfokea. Nimefoka kweli! Yeye anakula muhogo, ananisikiliza. Nilipopumua kasema: "Dada Eme, nikinyamaza watu wanadhani spika imeharibika."

Nikacheka. Hasira ikaisha hapo hapo, kwa hasara. Anaogopa kimya, maskini. Nimempa ile ya Vietnam aiangalie peke yake, bila maiki.

Alhamisi, 19 Juni

Maksi kapiga simu asubuhi, mimi bado na mswaki mdomoni. Kaiona mara mbili! Anauliza: huyu kaka mkubwa kwa nini hafungui maji, ana roho gani? Nikamwambia angalia uso wake. Kasema kauangalia, ndiyo maana hajalala. Tumebishana mpaka simu yangu ikazima chaji.

Kaahidi: Jumapili atatafsiri kinachosemwa tu. Mengine watu watajisemea wenyewe. Nampenda huyu mtu leo. Kikazi! Kikazi tu.

Jumamosi, 21 Juni

Redioni nimeitangaza mpaka sauti imekauka. Kisha Abdillah ananiambia kesho jioni kuna mechi kubwa, wenye jezi watakuja mapema kushika viti. Mungu wangu. Nitawaonyesha mpunga watu waliokuja na vuvuzela.

Jumapili, 22 Juni

Naandika humu humu bandani, kwa tochi ya simu.

Leo Sikukuu ya Ekaristi, mji umefurika. Kwaya moja ya kutoka Mpimbwe lori lao limepasuka rejeta hapa nje. Jua kali, wakatafuta pa kukaa — wakaingia kwangu wote na sare zao za kitenge. Wakulima wa mpunga, mabenchi manne! Nyuma yao wenye jezi. Nyanda benchi la mbele, naye kavaa jezi.

Picha ikaanza. Maksi kasema maneno matatu, kafunga mdomo. Kimya. Nikafumba macho kabisa.

Mara mama mmoja wa kwaya: "Huo mpunga mbona wanaupandikiza mapema?" Mwenzake: ndivyo mbegu hiyo ilivyo. Wakabishana! Kisha miche ya mdogo mtu ikaanza kuwa ya njano, na mabenchi manne yakaguna kwa pamoja. "Jamani, maji! Amfungulie maji!" Mwalimu wao wa kwaya, Gelasius, kasema hata yeye jirani alimfanyia hivyo hivyo, akaendelea kwa Kipimbwe, na mama mmoja akafuta machozi. Wenye jezi nao: kwani mkubwa alikosewa nini? Maksi, bila maiki, taratibu: subirini.

Katikati Nyanda akainuka, akatoka. Nikasema basi, wameanza kutoka. Kumbe kaenda kuwaita wenzake wa gereji!

Mwishoni kaka mkubwa kasimama juu ya mfereji na jembe. Uso ule! Analiinua jembe —

Umeme umekatika.

Kelele zilizopigwa, hata goli halijawahi kuzipata. Abdillah kaingia na jenereta. Kasema petroli ni ya kubahatisha na mechi ndiyo inaanza, kwa hiyo semeni nyie wenyewe, nawasha kwa ajili ya nini? Wenye jezi wakaangaliana. Halafu Nyanda kasimama na vuvuzela lake: "Maji kwanza! Mpira baadaye!" Banda zima likaitikia. Abdillah kanitazama kama hanijui.

Sasa wote wananigeukia mimi: dada Eme, wewe umeiona, anafungua au hafungui? Sisemi ng'o! Nina furaha mpaka naona aibu. Maksi kaja kukaa kwenye benchi langu, anacheka gizani, kaushika mkono wangu usioandika. Sijautoa.

Abdillah anavuta kamba ya jenereta. Haiwaki. Anavuta tena.

Nje lori limepona, linapiga honi kuwaita wanakwaya. Hakuna aliyeinuka. Honi tena, ndefu. Mama mmoja kafungua dirisha, katoa kichwa:

"Tulieni huko! Mtu hajafungua maji!"