Macho ya Babu Chini ya Taa Yako

Mke mwenzangu mpendwa,

Taa uliyoibuni imefika salama, nyembamba kama bahasha, nami nimeitundika juu ya cherehani. Sasa ninapambanua uzi mweusi na wa buluu bila kubahatisha. Ulituambia kwamba ndani ya taa hii tabaka linalotoa mwanga wa buluu huchoka mapema, na mwanga mweupe ukageuka manjano. Kwa hiyo, nilipoyaona macho ya babu yako yana manjano, nilishuku kwanza kazi yako. Nikaweka shuka jeupe kando ya uso wake. Shuka likabaki jeupe.

"Twende hospitali," nikamwambia.

Akacheka. "Mimi mzima! Taa ya mchumba wangu ndiyo inayoumwa. Bi mkubwa, acha wivu."

Tangu wiki iliyopita hamalizi chakula, na maneno yangu hayamwingii. Simu yetu ni moja, naye haiachi mkononi, ndiyo maana barua hii anakuletea shangazi yako. Ukimaliza kuisoma, mpigie. Usimbembeleze. Mwambie kwamba taa yako haina kasoro, kisha mwamuru avae viatu. Koti lake nimekwisha kulipiga pasi.

Akupendaye, na wivu kidogo,
Bibi yako